Dhiki na Nafsinenewa: Sonono na Wahaka katika Maandishi ya Ukanda wa Ruiru na Thika

1.0 Utangulizi

Barabara itokayo Nairobi kwenda Thika ina urefu wa kilomita zipatazo 40. Katika masafa hayo mafupi zimekusanyika taasisi ambazo zimeiathiri fasihi ya Kenya kuliko inavyokubaliwa kwa kawaida. Kahawa, karibu na Ruiru, pana Chuo Kikuu cha Kenyatta, kilichoanza mwaka 1965 kama chuo cha elimu katika majengo yaliyokuwa kambi ya jeshi la Waingereza. Magharibi ya barabara hiyo lipo Gereza la Kamiti, ambamo Dedan Kimathi alinyongwa tarehe 18 Februari 1957. Ruiru penyewe pana kituo cha utafiti kilichotoa, mwaka 1985, aina ya mbuni iitwayo Ruiru 11. Thika nayo inajulikana kwa viwanda na mashamba ya mananasi. Huu ni ukanda wa kazi, wa elimu na wa kifungo, na katika yote matatu hupatikana watu waliolemewa na mawazo.

Makala haya yanachunguza jinsi maandishi yanayohusiana na ukanda huo yanavyoshughulikia hali mbili za nafsi. Ya kwanza ni sonono, yaani huzuni nzito inayomwondolea mtu hamu ya kuishi. Ya pili ni wahaka, yaani hofu isiyotulia juu ya jambo lijalo. Matini zinazozingatiwa ni Sauti ya Dhiki (1973) ya Abdilatif Abdalla, Chembe cha Moyo (1988) ya Alamin Mazrui na Shetani Msalabani (1982) ya Ngũgĩ wa Thiong'o. Kichwamaji (1974) ya Euphrase Kezilahabi, riwaya ya kutoka mbali na ukanda huu, inaletwa kwa ajili ya kulinganisha.

Swali linaloulizwa ni hili: mtu aliyezidiwa na dhiki huimudu kwa njia gani, akiwa na dawa au asipokuwa nayo? Hoja inayotetewa ni kwamba katika matini hizi kinachomwezesha mshairi au mhusika kustahimili ni kuwepo kwa nafsinenewa, yaani mtu, hata wa kubuni, ambaye usemi wa dhiki unaelekezwa kwake. Pale ambapo nafsinenewa huyo hayupo, ufasaha wote wa mhusika haumwokoi. Hoja hii haipingi tiba ya hospitali. Inabainisha jambo ambalo hata tiba hiyo inalitegemea, kwa kuwa hakuna mgonjwa anayeandikiwa dawa kabla hajamwambia mtu kwamba anaumwa.

2.0 Madai kwamba Mwafrika hasononeki

Uhakiki wa suala hili hauna budi kuanzia kwenye dai moja la kihistoria. J. C. Carothers, daktari aliyeiongoza Hospitali ya Mathari jijini Nairobi tangu mwaka 1938 hadi 1950, aliandika kitabu kuhusu akili ya Mwafrika kilichochapishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1953. Humo alidai kwamba sonono kali ni nadra miongoni mwa Waafrika, na akaufananisha utendaji wa akili ya Mwafrika na ule wa Mzungu aliyepasuliwa sehemu ya mbele ya ubongo. Mwaka 1954 aliiandikia serikali ya kikoloni ripoti kuhusu saikolojia ya Mau Mau, ambayo ndani yake madai ya mwamko wa kisiasa yaligeuzwa kuwa dalili za ugonjwa. Kwa hiyo Mwafrika alinyimwa mambo mawili kwa mpigo: huzuni yake haikutambuliwa kuwa ugonjwa, na hasira yake haikutambuliwa kuwa siasa. Frantz Fanon alilijibu dai hili katika kitabu cha mwaka 1961 ambacho wasomaji wa Kiswahili wanakijua kwa jina la Viumbe Waliolaaniwa.

Inafaa kukumbukwa kwamba Carothers aliandika haya kabla ya dawa za sonono kujulikana. Imipramini, mojawapo ya dawa za mwanzo za aina hiyo, ilitangazwa mwaka 1957. Kwa sababu hiyo, kilichokosekana Mathari hakikuwa tembe pekee. Kilichokosekana kwanza ni sikio.

Fasihi ya walowezi haikuwa na sikio hilo pia, ingawa ilikaribia. Katika kitabu cha Elspeth Huxley, The Flame Trees of Thika (1959), kinachosimulia maisha ya familia ya walowezi karibu na Thika tangu mwaka 1913, huzuni ya Lettice Palmer, mke Mzungu asiye na furaha, inachorwa kwa uangalifu na huruma. Njombo, mtumishi Mkikuyu, anapodhoofika akiamini kwamba amelogwa, walowezi hujaribu kumsaidia na dawa zao hazimfai. Msimulizi anaona mwili wake ukiisha. Yale yanayopita moyoni mwake hayapewi nafasi, na hali yake inabaki kuwa kioja cha mila. Mtu mmoja amepewa huzuni, mwingine amepewa uchawi, hali wote wawili wanaishi katika ardhi moja.

Lugha ya Kiswahili yenyewe ni ushahidi dhidi ya Carothers. Kitenzi sonona hutaja maumivu ya mwili na ya moyo kwa pamoja. Kihoro ni majonzi ya msiba yanayoweza kumuua aliyefiwa. Jitimai ni huzuni inayokaa. Jakamoyo na wahaka ni mahangaiko ya anayengoja asilolijua, na ukiwa, neno ambalo Katama Mkangi alilifanya jina la riwaya yake ya mwaka 1975, ni hali ya aliyeachwa peke yake. Jamii isiyoijua sonono isingehitaji kuitofautisha hivyo. Tatizo la leo ni kwamba istilahi hazijakubaliana. Wakenya wengi huandika unyogovu au mfadhaiko, Watanzania hupendelea sonono, na katika mitaa ya Ruiru na Thika vijana husema tu kwamba wana stresi. Mwenye maradhi yasiyokuwa na jina moja hupata taabu kuyasema, na mwenye taabu ya kuyasema huchelewa kusaidiwa.

3.0 Mizani katika seli: Sauti ya Dhiki na Chembe cha Moyo

Abdilatif Abdalla alikamatwa kwa sababu ya kijitabu Kenya: Twendapi? cha mwaka 1968, akafungwa hadi mwaka 1972. Sehemu ya kifungo hicho aliipitisha Kamiti, akiwa ametengwa na wafungwa wengine. Mashairi aliyoyatunga humo, mengine yakiandikwa kwenye karatasi za chooni, yalichapishwa mwaka 1973 kwa jina Sauti ya Dhiki, na diwani hiyo ikapata Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta mwaka 1974. Ni kejeli ya historia kwamba tuzo hiyo ilibeba jina la rais ambaye serikali yake ndiyo iliyomfunga mshairi.

Uhakiki mwingi umeisoma diwani hii kama ushairi wa kisiasa, na ni haki. Hata hivyo, usomaji huo umezoea kulipita neno dhiki kwa haraka, kana kwamba dhiki ni jina jingine tu la dhuluma. Dhiki ni dhuluma ikishaingia ndani ya mtu. Upweke wa seli ni adhabu inayolengwa kwenye nafsi: unamwondolea mtu majira, sauti za watu na sababu ya kuamka. Mhakiki anayeona siasa pekee anamsifu mfungwa kwa ushujaa wake bila kueleza ushujaa huo ulijengwa kwa vifaa gani.

Kifaa cha kwanza ni arudhi. Sehemu kubwa ya diwani inafuata kanuni za vina na mizani. Katika shairi la tarbia lenye mizani 16 kwa kila mshororo, ubeti mmoja una mizani 64, na kila mojawapo haina budi kuhesabiwa. Kwa mtu huru, hesabu hii ni pambo la fani. Kwa mtu aliyefungiwa peke yake, ni utaratibu wa siku. Asiyejua siku yake itaishaje anajua ubeti wake utaishaje. Mizani huweza kupangwa kichwani bila kalamu, na vina husaidia kuhifadhi kile ambacho karatasi ingeweza kunyang'anywa. Lahaja ya Kimvita nayo inafanya kazi ya namna hiyo: katika gereza la bara, mamia ya kilomita kutoka Mombasa, mshairi anajizungushia matamshi ya nyumbani.

Kifaa cha pili, ambacho ndicho kiini cha makala haya, ni nafsinenewa. Ni jambo la kushangaza kwamba ushairi uliotungwa katika upweke umejaa watu wanaosemezana. "Mnazi: Vuta N'kuvute" ni majibizano ya Alii na Badi wanaogombea mnazi. Katika "Usiniuwe" mtoto aliye tumboni anamsihi mama yake. "Siwati" na "N'shishiyelo ni Lilo" yanatangaza msimamo kana kwamba mbele ya nafsineni amesimama mtu anayemtaka aulegeze. Hata "Jipu", ambalo linafanya maumivu ya mwili kuwa fumbo la taifa, linamhitaji msikizi wa kulifumbua. Seli ya mtu mmoja imegeuzwa baraza. Mshairi hasemi dhiki yake hewani. Anaitafutia mtu wa kuipokea, na asipompata anamuumba.

Hapa panazuka pingamizi la haki. Ikiwa arudhi ndiyo iliyomshika mkono mfungwa, je, ushairi huru haufai kwa kazi hiyo? Jibu linapatikana katika Chembe cha Moyo. Alamin Mazrui alikuwa mwalimu katika chuo cha Kahawa alipokamatwa mwaka 1982 na kuwekwa kizuizini pamoja na wahadhiri wengine, na mashairi mengi ya diwani hiyo yanatokana na tajriba hiyo. Humo mishororo mingi imekataa urari wa mizani. Panakatika ghafla, panabaki nafasi, neno moja linaachwa lisimame peke yake. Mgogoro wa ushairi ulioanza kupamba moto katika miaka ya 1970, kati ya wafuasi wa kanuni zilizoelezwa na Amri Abedi mwaka 1954 na watunzi wa mkondo wa Kichomi (1974) ya Kezilahabi, uliuliza ni lipi lililo shairi na ni lipi lisilo shairi. Ungeuliza pia kila umbo linamfanyia nini anayelitunga akiwa katika dhiki. Kwa kipimo hicho, hakuna umbo lililo dawa kwa asili yake. Arudhi humpa aliyevurugika mpangilio, na ushairi huru humruhusu auonyeshe mvurugiko kama ulivyo. Kinachoziunganisha diwani hizi mbili ni kwamba zote zinamwelekea mtu: ndugu, mpenzi, taifa, adui. Jina lenyewe la diwani ya Mazrui linakumbusha kwamba kinachotolewa ni chembe, na chembe haitolewi isipokuwa kwa mpokeaji.

4.0 Wariinga na jina la Kareendi

Ngũgĩ wa Thiong'o aliwekwa kizuizini Kamiti tangu mwisho wa Desemba 1977 hadi Desemba 1978, bila kushtakiwa. Tofauti kati ya hali yake na ya Abdilatif Abdalla ina uzito katika mada hii. Mfungwa aliyehukumiwa ana tarehe, hata kama ni ya mbali. Aliyewekwa kizuizini hana tarehe. Mmoja anapambana zaidi na siku anazozijua zilivyo nyingi, mwingine anapambana na siku asiyoijua. Kwa lugha ya makala haya, kifungo cha kwanza kinaalika sonono na cha pili kinaalika wahaka, ingawa mara nyingi hali hizo mbili hulala kitanda kimoja. Katika wahaka huo Ngũgĩ aliandika riwaya kwa Kikuyu kwenye karatasi za chooni. Mswada ukatwaliwa na wakuu wa gereza, kisha akarudishiwa. Caitaani Mũtharaba-inĩ ilitoka mwaka 1980, na tafsiri ya Kiswahili, Shetani Msalabani, mwaka 1982.

Uhakiki unaijua riwaya hii kama kejeli dhidi ya ubepari, hasa kwa sababu ya mashindano ya wezi na wanyang'anyi huko Ilmorog. Lakini riwaya haianzi na wezi. Inaanza na mwanamke aliyevunjika. Jacinta Wariinga amefukuzwa kazi kwa kumkataa mwajiri wake, ameachwa na mpenzi, ametolewa nyumbani kwa nguvu na watu wa mwenye nyumba. Anauchukia mwili wake na weusi wa ngozi yake, anasumbuliwa na jinamizi, na amewahi kujaribu kujitoa uhai. Daktari yeyote angezitambua dalili hizo. Mwandishi aliyekuwa Kamiti, si mbali na Ruiru, alichora picha kamili ya sonono katika jimbo ambalo robo karne kabla yake liliambiwa kwamba hali hiyo haiwezi kuwa ya kawaida kwa watu wake.

Namna Wariinga anavyoanza kusema inastahili kuangaliwa kwa makini. Kijana anayemnusuru barabarani Nairobi anapomuuliza kilichomsibu, hasemi "mimi". Anasimulia habari za msichana wa kuwazia aitwaye Kareendi: namna anavyopata mimba akiwa shuleni, anavyotafuta kazi, anavyotakiwa kimapenzi na wakubwa wa ofisi, anavyoachwa. Msomaji anatambua upesi kwamba Kareendi ni Wariinga. Mbinu hii huweza kuelezwa kama mkopo kutoka kwa fasihi simulizi, na maelezo hayo ni sahihi ila hayatoshi. Kinachotendeka ni kwamba mtu ambaye hawezi kuibeba dhiki yake kwa jina lake anaiweka kwa muda kwenye jina la mwingine ili iweze kusemeka. Baadaye, ndani ya matatu iendayo Ilmorog, abiria wasiojuana wanasimuliana misukosuko yao mmoja baada ya mwingine. Waswahili husema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Katika matatu ile kila mmoja ana mzigo wake, kwa hiyo hakuna anayeuona wa mwenzake kuwa usufi.

Riwaya ina udhaifu mmoja mkubwa upande huu, na ni udhaifu ambao uhakiki haujaupa nafasi ya kutosha. Baada ya karamu ya wezi, hadithi inaruka miaka miwili. Msomaji anapokutana tena na Wariinga, ni fundi mitambo hodari, anayejiamini, aliyejifunza kujihami. Mabadiliko haya yanapendeza na yana itikadi nzuri. Lakini kazi yenyewe ya kupona, yaani asubuhi ambazo mtu hawezi kuinuka kitandani, kurudiwa na jinamizi, dawa au kukosa dawa, rafiki anayechoka na rafiki asiyechoka, yote yameangukia katika pengo lililo kati ya sura mbili. Riwaya inajua jinsi mtu anavyovunjwa na jinsi anavyoonekana akisimama. Haionyeshi anavyoinuka. Wala mwisho wake si wa utulivu: Wariinga anamuua mzee tajiri aliyemharibia usichana wake, naye anaondoka akijua kwamba mapambano magumu zaidi yako mbele. Hasira imechukua mahali pa sonono. Iwapo huko ndiko kupona ni swali ambalo riwaya inamwachia msomaji.

5.0 Kazimoto: ufasaha usio na msikizi

Ili kuipima hoja ya nafsinenewa, inafaa kuangalia matini ambamo mhusika ana maneno mengi na bado anaangamia. Kichwamaji haihusiani na ukanda wa Thika, kwani Kezilahabi alikuwa mwana wa Ukerewe. Kazimoto, msimulizi wa riwaya hiyo, ni mwanafunzi wa chuo kikuu, msomi mwenye ulimi mwepesi. Anajadili na wenzake kuwepo kwa Mungu, maana ya maisha na thamani ya elimu. Anafiwa, anapanga kisasi dhidi ya Manase kwa ajili ya dada yake Rukia, anamwoa Sabina, dada ya Manase, anapoteza mtoto, na mwishoni anajiua.

Wahakiki wameiita falsafa ya riwaya hii udhanaishi na kuihusisha na Camus na Sartre. Lebo hiyo imesaidia, lakini pia imefunga mlango. Mhusika akishatangazwa kuwa mdhanaishi, kifo chake husomwa kama hitimisho la hoja, na swali la iwapo angeweza kusaidiwa huonekana la kitoto. Msomaji anayeyasikiliza mazungumzo ya Kazimoto bila lebo hiyo anaona jambo jingine. Kazimoto huzungumza juu ya maisha kwa jumla, na ni nadra kwake kumwambia mtu aliye karibu naye jinsi anavyoumia yeye. Mijadala yake ni ngao. Maungamo yake ya ndani kabisa hayamfikii mke wala rafiki, yanamfikia msomaji, ambaye hawezi kumjibu. Ana hadhira, hana nafsinenewa.

Tofauti kati yake na Wariinga haitokani na ukubwa wa misiba. Wala haitokani na elimu, maana Kazimoto ana elimu kubwa zaidi. Wariinga aliulizwa na mtu swali la kawaida barabarani, akapata njia ya pembeni ya kulijibu. Kazimoto hakuulizwa, au aliulizwa akajibu kwa falsafa. Methali isemayo kwamba mficha maradhi kilio humuumbua inamhusu zaidi msomi, kwa kuwa msomi ana maneno mengi ya kufichia.

6.0 Dawa, neno na sheria

Je, matini hizi zinafundisha kwamba mtu aweza kuishinda sonono bila dawa? Usomaji wa haraka ungesema hivyo, na ungekuwa wa hatari. Abdilatif Abdalla na Ngũgĩ wa Thiong'o hawakuchagua mashairi na riwaya badala ya matibabu. Walinyimwa kila kitu, wakatumia kilichobaki. Kustahimili kwa mtu aliyenyimwa hakuwezi kugeuzwa kuwa sheria kwa asiyenyimwa. Leo amitriptilini na fluoksetini zimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Kwa wagonjwa wengi hizo ndizo zinazowainua kiasi cha kuweza kuzungumza, kama vile kwa wengine mazungumzo ndiyo yanayowafikisha kwenye dawa. Mwanafunzi wa Kahawa au mfanyakazi wa kiwandani Thika anayemeza tembe zake si dhaifu kuliko mfungwa aliyehesabu mizani. Kila mmoja ametumia alichokipata.

Hata hivyo, ushahidi kutoka nje ya fasihi unaunga mkono jambo ambalo matini hizi zinalionyesha. Mwaka 2003 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa katika vijiji vya Masaka na Rakai nchini Uganda. Watafiti walianza kwa kuwauliza wanavijiji wanaiitaje hali hiyo, wakapewa majina mawili ya Kiganda: yo'kwekyawa, yaani kujichukia, na okwekubazida, yaani kujisikitikia. Kisha wagonjwa walikutana katika vikundi mara moja kwa juma, kwa majuma 16, wakizungumza juu ya misiba, magomvi na mabadiliko ya maisha yao, wakiongozwa na wenyeji waliopewa mafunzo. Dalili zao zilipungua kwa kiasi kikubwa kuliko za wale ambao hawakuwa katika vikundi hivyo. Mambo mawili yanapasa kumvutia mhakiki. Kwanza, tiba ilianza kwa jina lililotoka katika lugha ya wagonjwa. Pili, jina la kwanza, kujichukia, ndilo hasa linalofaa kumweleza Wariinga, aliyebuniwa miaka 25 kabla ya matokeo hayo kuchapishwa. Vikundi vile havikuwa mbali na matatu ya kwenda Ilmorog.

Kuna sababu ya kisheria pia iliyoifanya dhiki ikose wa kuambiwa. Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kilifanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai, ambalo adhabu yake iliweza kufika kifungo cha miaka miwili. Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu hicho kinakiuka katiba. Kwa miaka yote iliyotangulia, Wariinga halisi, angenusurika, angekuwa mshtakiwa. Mtu aliyejua kwamba maungamo yake ni ushahidi dhidi yake alikuwa na sababu nzuri ya kunyamaza au ya kusema kwa jina la Kareendi. Inapozingatiwa kwamba riwaya yenyewe iliandikwa gerezani, mbinu ile ya kubadilisha jina inapata maana nyingine: mwandishi na mhusika wake wote walikuwa katika mazingira ambamo kusema "mimi" kulikuwa na gharama.

7.0 Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba maandishi yaliyotoka Kamiti na Kahawa yanalijibu dai la Carothers kwa ushahidi wa ndani, na kwamba yanafanya hivyo kwa maumbo mbalimbali: arudhi ya Kimvita, ushairi huru, na riwaya iliyochota kwenye simulizi. Katika yote, dhiki inasemeka pale inapopata wa kusemezwa. Imeonyeshwa vilevile kwamba uhakiki wa Kiswahili umeigawa dhiki hiyo mafungu mawili, siasa na falsafa, na kuliacha fungu la tatu, la mtu anayeumwa, likiwa halina mwenyewe.

Kuna kazi mbili zilizosalia. Moja ni ya watunzi. Pengo la miaka miwili katika maisha ya Wariinga bado halijazibwa, na riwaya ya Kiswahili inayofuatilia kupona siku kwa siku, pamoja na kliniki, foleni, tembe na mashaka yake, ingewafaa wasomaji wengi. Nyingine ni ya wahakiki na walimu. Kichwamaji na Sauti ya Dhiki hazina budi kufundishwa kwa namna ambayo mwanafunzi anayejiona ndani yake hataambiwa kwamba hali yake ni udhanaishi au ni ukosefu wa msimamo. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na mara nyingine anayeweza kufaa ni mwalimu wa fasihi ambaye, baada ya kipindi, anauliza swali la kawaida na kungoja jibu.